Kuunganisha Calendly na hifadhidata ya mtandaoni bila kuandika programu: maswali ninayoulizwa kila wiki

Kazi yangu ni kufungia biashara ndogo mifumo ya miadi: kliniki, saluni, ofisi ya wakili mmoja na karani wake. Maswali ninayoulizwa ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika mahali pamoja. Mfano ninaoutumia ni wa kliniki ya meno jijini Dar es Salaam: miadi inapokelewa na Calendly, kumbukumbu za wagonjwa zimo Airtable, na katikati kuna Make. Kama wewe unatumia Cal.com badala ya Calendly, Google Sheets au Supabase badala ya Airtable, Zapier au n8n badala ya Make, soma tu. Panapotofautiana kiasi cha kukuumiza nimepataja.

Kuunganisha maana yake nini hasa?

Mgonjwa anafungua linki kwenye simu, anachagua Jumanne saa 3 asubuhi, anaandika jina na namba yake, anathibitisha. Calendly inamgongea Make kengele: kuna miadi mpya. Make inachukua jina, namba, muda na aina ya huduma, inaingia Airtable kutafuta kama mtu huyo yumo, isipomkuta inamwandika, kisha inaongeza mstari wa miadi chini ya jina lake na kutuma SMS. Dada wa mapokezi hajagusa kitu.

Tukio linaloanzisha safari huitwa kichocheo, na yanayofuata huitwa vitendo. Make yenyewe ni tarishi. Haitunzi kitu na haiamui kitu, inabeba ulichoiambia ibebe. Ukiiambia ibebe uchafu, itaubeba kwa uaminifu uleule.

Kwa nini nisibaki na Calendly peke yake?

Baki nayo, kama inakutosha. Wapo ninaowarudisha nyumbani bila kuwafungia chochote.

Calendly inazijua miadi, haimjui mtu. Ukitaka orodha ya waliosafishwa meno miezi sita iliyopita na hawajarudi, au jumla ya mara ambazo mzee fulani ameweka miadi asitokee, hapo ndipo hifadhidata inapohitajika. Kama hujawahi kuuliza maswali ya namna hiyo na huna mpango wa kuyauliza, utakuwa unalipia bomba lisilopitisha maji.

Miadi ikisema hivi Calendly na vile Airtable, nimwamini nani?

Hili watu huniuliza mambo yakishaharibika, wakati lilitakiwa liwe la kwanza kabisa. Amua kabla hujafungua akaunti yoyote: kila taarifa ina mwenyewe mmoja. Kwenye kliniki hii muda ni wa Calendly, mtu ni wa Airtable. Saa ya miadi haibadilishwi Airtable hata kwa bahati mbaya. Namba ya simu ikisahihishwa inasahihishwa Airtable, na tunaiamini hiyo hata kama mgonjwa atakosea kuiandika safari ijayo.

Wiki ya kwanza hatukulisema hilo kwa sauti. Mgonjwa alipiga simu kuomba asogezwe kutoka saa 4 hadi saa 8, na dada wa mapokezi, kwa nia njema kabisa, akafungua Airtable akabadilisha saa kwa mkono. Airtable ikasema saa 8. Calendly ikaendelea kuamini saa 4 imeshikwa na saa 8 iko wazi, na jioni ileile mtu mwingine akaichukua saa 8 kwenye linki. Kesho yake watu wawili walikuwa kwenye benchi wakisubiri kiti kimoja, kila mmoja na ujumbe wake mkononi, na wote wawili walikuwa na haki.

Tangu siku hiyo safuwima ya muda imefungwa: mhudumu anaiona, haihariri. Anayepiga simu, anayeandika WhatsApp na anayeingia mlangoni bila taarifa wote wanapitia linki ileile ya Calendly, ila anayeijaza ni mhudumu kwa niaba yao. Inachukua nusu dakika. Kama wahudumu wako hawatakubali nusu dakika hiyo, mfumo huu hautakusaidia, na hakuna tarishi wa kuuokoa.

Naweza kufanya iende pande zote mbili, nikibadilisha Airtable na Calendly ibadilike?

Inawezekana kiufundi. Sikushauri. Badiliko la kushoto linaamsha badiliko la kulia, la kulia linaamsha la kushoto, na ukirudi kutoka chakula cha mchana unakuta mgao wa mwezi mzima umeisha kwa miadi moja iliyokuwa inazunguka. Ukilazimika sana, weka alama inayoonyesha nani aliandika mwisho, na tarishi apite kimya akiona ameandika yeye mwenyewe.

Make, Zapier au n8n?

Angalia namna wanavyohesabu kabla ya kuangalia bei.

Zapier inahesabu vitendo vilivyofanikiwa. Mpango wake wa bure una vitendo 100 kwa mwezi na mipangilio ya hatua mbili tu, kichocheo kimoja na kitendo kimoja. Kutafuta mgonjwa halafu kumwandika ni vitendo viwili tayari, kwa hiyo kwa kazi hii mpango wa bure ni wa kujifunzia.

Make inatoa krediti 1,000 kwa mwezi bure, na kila hatua inakula, hata ya kutafuta. Miadi moja kwetu ina hatua tano, kwa hiyo 1,000 zinatosha miadi kama 200. Lakini kuna mtego hapa. Kichocheo kinaweza kufanya kazi kwa namna mbili: kusubiri kengele, ambayo mafundi huiita webuhuki, au kwenda kupiga hodi kila baada ya muda kuuliza kama kuna jipya. Anayepiga hodi kila dakika 15 anapiga mara 96 kwa siku, 2,880 kwa mwezi, na Make inahesabu kila hodi hata kama hakuna aliyefungua mlango. Mgao wa bure unaisha tarehe 11 bila miadi hata moja. Tumia kengele.

n8n unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe na hakuna anayekuhesabia hatua. Unalipia seva, na wewe ndiye unayeamka usiku ikizima. Kwa kliniki isiyo na mtu wa kompyuta siiweki.

Nipo kwenye mpango wa bure wa Calendly, je, kengele inafanya kazi?

Haifanyi. Webuhuki za Calendly ziko kwenye mipango ya kulipia. Cal.com inazitoa hata kwa mtumiaji wa bure, na hiyo ni sababu nzuri ya kuhamia huko ukiwa bado mapema.

Kuna njia ya kuzunguka: Calendly huandika kila miadi kwenye Google Calendar yako, basi tarishi aangalie kalenda badala ya Calendly. Inafanya kazi, ila majibu ya mgonjwa yanafika yamerundikwa kwenye maelezo ya tukio kama aya moja, na itabidi uichambue namba ya simu kutoka humo. Siku mtu akijibu swali kwa mistari mitatu badala ya mmoja, uchambuzi unavunjika.

Hifadhidata ipi?

Kwa mtu anayetaka kuona jedwali na kuligusa, Airtable. Mpango wa bure unakupa rekodi 1,000 kwa kila hifadhidata na miito 1,000 ya API (mlango ambao programu nyingine hupitia kuingia) kwa mwezi kwa eneo zima la kazi. Hiyo ya pili ndiyo inayoisha kwanza, kwa sababu kila kutafuta na kila kuandika ni mwito. Ukiwa na miadi zaidi ya mia tatu kwa mwezi jiandae kulipa. Tena, Airtable inapokea miito isiyozidi 5 kwa sekunde kwa kila hifadhidata. Kwa miadi ya kila siku hutaufikia ukomo huo, ila siku ya kuhamisha wagonjwa wa zamani kutoka daftarini utaufikia dakika ya kwanza.

Google Sheets ni bure na kila mtu anaijua. Tatizo lake ni kwamba kila mtu anaijua: mtu anapanga majina kwa alfabeti, anasahau kuchagua safuwima zote, na wagonjwa wote wanabadilishana simu.

Supabase ni hifadhidata kamili ya aina ya Postgres, imara, na ndiyo ninayoiweka mahali penye rekodi nyingi. Jihadhari na mradi wa bure: usipotumika kwa wiki moja unasimamishwa. Saluni iliyofunga mwisho wa mwaka ikifungua Januari inaweza kukuta miadi imepokelewa Calendly na hakuna iliyoandikwa.

Jedwali ngapi zinatosha?

Tatu. Watu wengi huanza na moja na kujuta mwezi wa pili.

Jedwali la kwanza ni la wenye simu, la pili ni la wagonjwa, la tatu la miadi. Ukishangaa kwa nini mwenye simu na mgonjwa wametenganishwa, kaa kliniki ya meno asubuhi moja ya likizo ya shule. Mama mmoja ameweka miadi mitatu mfululizo, saa 3, saa 3 na nusu, saa 4, kwa namba moja na barua pepe moja, na watoto watatu wanaingia kwa zamu. Kama namba ya simu ndiyo kitambulisho cha mgonjwa, tarishi atamkuta "mtu huyo" tayari yumo na kuandika jino la mtoto wa tatu kwenye jina la wa kwanza. Kwa hiyo tarishi anatafuta simu kwanza, halafu chini ya simu hiyo anatafuta jina. Akikosa jina anaongeza mgonjwa mpya chini ya mwenye simu yuleyule.

Majina nayo yana visa vyake. Asha Juma wa leo anaweza kuwa Asha J. Hamisi wa kesho, na mashine haijui. Mwisho wa wiki mhudumu anapitia wagonjwa wapya walioongezwa kwenye simu zilizokuwepo na kuunganisha wanaofanana. Dakika kumi, kwa macho ya mtu anayewafahamu.

Kwa nini sifuri ya mwanzo ya simu inapotea?

Kwa sababu jedwali limedhani ni hesabu. 0712 ikisomwa kama namba inakuwa 712. Anayeandika +255 naye anaweza kukuta alama ya kujumlisha imemezwa, maana Google Sheets inaisoma kama mwanzo wa fomula. Safuwima ya simu iwe ya maandishi tangu siku ya kwanza, kabla data yoyote haijaingia.

Hilo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kwamba watu wataandika 07 na nafasi katikati, 255 bila alama, +255 yenye vistari, na mmoja ataandika "namba yangu ni ileile". Ndani ya Make naweka hatua moja ya kusafisha: ondoa kila kisicho tarakimu, chukua tarakimu tisa za mwisho, tanguliza 255. Kenya ni vilevile na 254 mbele. Namba ikibaki na tarakimu pungufu ya tisa, mpangilio usikwame. Miadi iandikwe, na mstari upewe alama nyekundu mhudumu apige simu au asubiri mtu afike. Wenye namba za nje wanahitaji tawi lao: kama ameanza na alama ya kujumlisha na tarakimu zinazofuata si 255, iache ilivyo.

Nimefungua mifumo ya wenzangu iliyokuwa "haifanyi kazi", na mara nyingi kila kitu kilikuwa kinafanya kazi isipokuwa simu zilikuwa zimeandikwa namna nne.

Mgonjwa anasema ameambiwa saa tisa, mfumo unasema saa tatu. Nani mkweli?

Wote. Hapa pananichekesha na kuniuma kwa pamoja.

Calendly inatuma muda kwa UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima. Jumanne tarehe 18 Novemba 2025 saa 3 asubuhi Dar es Salaam inafika kwa tarishi ikiwa 2025-11-18T06:00:00.000000Z. Herufi Z mwishoni ndiyo inayosema hii ni UTC, na sisi tuko saa tatu mbele, mwaka mzima, bila kurudisha wala kusogeza saa. Ukiagiza Make ibadilishe muda kwenda Africa/Dar_es_Salaam unapata 09:00. Hadi hapo sawa.

Kisha fundi, yaani mimi, nikaandika kiolezo cha SMS: "Miadi yako ni Jumanne saa 9:00." Mama mmoja akasoma kama Mswahili yeyote anavyosoma. Akafika saa tisa alasiri, amevaa vizuri, na daktari alikuwa ameshamsubiri asubuhi na kumwandika hakutokea. Alinionyesha simu yake. Saa 9:00. Sikuwa na la kujibu.

Ujumbe ukiwa wa Kiswahili, saa iwe ya Kiswahili. Kwa saa za kazi hesabu ni nyepesi: toa sita kwenye saa ya Dar es Salaam, au toa tatu moja kwa moja kwenye UTC. 06 inakuwa saa 3, 10 inakuwa saa 7 mchana, 12 inakuwa saa 9 alasiri. Neno la wakati, yaani asubuhi, mchana, alasiri au jioni, litoke kwenye jedwali dogo ndani ya mpangilio. Mwishoni ujumbe wetu ulikuwa hivi: "saa 3:00 asubuhi (09:00)". Mabano yanamsaidia anayesoma saa ya simu, na tangu tuyaweke sijasikia malalamiko.

Tarehe pia iandikwe kwa jina la mwezi. 04/05 ni Aprili kwa mmoja na Mei kwa mwingine.

Binti yangu yuko Minneapolis na aliniwekea miadi. Aliona saa gani?

Aliona saa za kwake, kwa sababu Calendly inatambua ukanda wa saa wa kifaa cha anayefungua linki. Kwa huduma ya ana kwa ana hilo ni kosa linalosubiri kutokea. Kwenye mipangilio ya aina ya miadi, funga ukanda wa saa uwe wa mahali pa huduma, na kila mtu ataona saa za Dar es Salaam. Usidhani ni tatizo la Marekani tu: Bukavu, Kigali na Bujumbura wako saa moja nyuma yetu, Muscat saa moja mbele. Kwa ushauri wa kwenye simu au video iache wazi, kila mtu aone saa ya ukutani kwake.

Mgonjwa akisogeza miadi, kwa nini anapata ujumbe kwamba imefutwa?

Kwa sababu Calendly haina habari moja ya "kusogeza". Inatuma mbili: ya zamani imefutwa, mpya imewekwa. Tarishi asiye na maelekezo anazitendea zote mbili na mgonjwa anapokea "Miadi yako imefutwa", halafu sekunde chache baadaye "Umeweka miadi". Mzee wa watu anapiga simu kuuliza amekosa nini.

Ndani ya habari ya kufuta kuna alama inayoitwa rescheduled. Ikiwa ni kweli, badilisha hali ya mstari wa zamani uwe "imesogezwa", usitume ujumbe wowote, na acha habari ya pili itume ujumbe wenye muda mpya. Usitegemee zifike kwa mpangilio. Ya pili inaweza kutangulia ya kwanza, kwa hiyo kila habari itafute mstari wake kwa anwani ya kipekee ambayo Calendly huipa kila anayealikwa. Jina na saa havitoshi.

Usifute mstari kabisa hata mgonjwa akighairi. Badilisha hali tu. Aliyesogeza mara nne na aliyeghairi usiku wa kuamkia siku yenyewe ni habari ambazo daktari atazitaka.

Miadi moja imeingia mara mbili. Vipi?

Kengele inaweza kulia mara mbili. Ikiwa Make ilichelewa kujibu, mtumaji anadhani ujumbe haukufika na kuutuma tena. Dawa ni anwani ileile ya kipekee: kabla ya kuandika, tafuta kama ipo. Ipo, sahihisha. Haipo, andika. Supabase inaweza kuifanya safuwima hiyo isikubali marudio kabisa, na mlango huo ni imara kuliko wa Airtable.

SMS zinanigharimu mara tatu ya nilivyopigiwa hesabu.

Fungua kiolezo chako utafute neno "kung'oa".

SMS moja inabeba herufi 160 ikiwa herufi zote ni za kawaida za simu. Ikiingia hata moja isiyo ya kawaida, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine na kila SMS inabeba 70, au 67 zikiwa zimeungana. Kibainishi, yaani kile kialama cha kwenye ng', kikiwa kimenyooka ni cha kawaida. Kile kilichopinda, ambacho programu za kuandikia hukipachika zenyewe ukinakili maneno kutoka humo, si cha kawaida. Ujumbe wetu wa "miadi ya kung'oa jino" ulikuwa na herufi 150 na ulitakiwa kuwa SMS moja. Kwa sababu ya mkia mmoja uliopinda ukawa SMS tatu. Wagonjwa wa kusafisha meno walikuwa wanatumiwa moja, ndiyo maana ilichukua muda kugundua. Majina kama Ng'wandu na Mang'ula yanaleta shida hiyohiyo mgonjwa akiandika kwa iPhone, kwa hiyo hatua ya kusafisha ibadilishe kila kibainishi kilichopinda kiwe kilichonyooka. Vikaragosi navyo viondoke.

Na WhatsApp?

Inawezekana kupitia WhatsApp Business Platform, lakini ukitaka kuanza wewe mazungumzo, au zimepita saa 24 tangu mteja aandike, unaruhusiwa kutuma kiolezo kilichoidhinishwa mapema tu. Kukumbusha miadi kunaangukia hapo karibu kila mara. Anza na SMS.

Mteja anaweza kulipa kwa M-Pesa wakati anaweka miadi?

Sio ndani ya Calendly, ambayo inapokea malipo kwa Stripe na PayPal. Tunachofanya ni kuiandika miadi ikiwa na hali "inasubiri malipo", na uthibitisho wa malipo ukifika hali inabadilika. Kenya, Daraja, yaani mlango wa Safaricom wa kuunganisha M-Pesa na programu nyingine, inatuma uthibitisho kwenye anwani unayoitaja, na kengele ya Make ni anwani kama nyingine yoyote. Tanzania wengi hupitia kampuni ya malipo iliyokusanya mitandao yote pamoja. Lakini kusema kweli, kwa biashara ya miadi kumi kwa siku, mhudumu kuona ujumbe wa malipo na kubofya "amelipa" kunatosha.

Umeme ukikatika kliniki?

Hakuna kinachosimama. Calendly, Make na Airtable hazipo kliniki. Kinachokosekana ni macho ya mhudumu, kwa hiyo kila saa 12 jioni tarishi anamtumia orodha ya kesho kwa SMS.

Nitajuaje kama imevunjika?

Hutajua, usipopanga kujua. Ikivunjika inakaa kimya: miadi inaendelea kuingia Calendly, mgonjwa anapata uthibitisho, kila mtu anafurahi, na Airtable imelala tangu Jumatano. Make hutuma barua pepe ikikutana na kosa na inaweza kuuzima mpangilio yenyewe, lakini barua hiyo inaenda kwa aliyefungua akaunti, ambaye mara nyingi ni fundi aliyeshaondoka.

Kwanza, akaunti iwe kwa barua pepe ya ofisi. Pili, orodha ya jioni niliyoitaja ndiyo kipimo changu: isipofika saa 12, mhudumu anapiga simu. Hata siku isiyo na miadi inafika, imeandikwa "Kesho hakuna". Tatu, kila Ijumaa hesabu miadi ya wiki Calendly, hesabu Airtable, namba zilingane.

Sheria inasemaje kuhusu kuweka taarifa za wagonjwa mtandaoni?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina yake ya 2019, na Uganda pia ya 2019. Wanaokusanya taarifa hujisajili, taarifa za afya zina ulinzi wa juu zaidi, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti. Seva za zana hizi ziko nje, kwa hiyo masharti hayo yanakuhusu. Mwone mwanasheria, mimi ni fundi.

Ninachoweza kukuambia kama fundi ni kwamba taarifa usiyoikusanya haivuji. Fomu ya kwanza ya kliniki ilikuwa na swali "Eleza tatizo lako", na watu walijieleza kweli, hadi dawa wanazotumia. Yote yalikuwa yanapita Calendly, Make na Airtable bila sababu. Tumeliondoa. Sasa kuna orodha ya huduma tano za kuchagua, na mengine mgonjwa anamwambia daktari.

Funguo za kuunganisha nizitunze wapi?

Popote isipokuwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, ambako ndiko ninakozikuta. Airtable iliacha funguo zake za zamani Februari 2024, na sasa unatengeneza tokeni unayoiwekea mipaka: hifadhidata ipi, kusoma au kuandika. Mpe tarishi hifadhidata moja tu. Upande wa Supabase usimpe mtu ufunguo wa service_role, maana unapita juu ya ulinzi wote wa mistari. Anwani ya kengele ya Make nayo ni siri: anayeijua anaweza kukutumia miadi hewa. Mhudumu akiacha kazi, badilisha nenosiri siku hiyohiyo.

Nijaribu vipi kabla ya kuwafungulia wateja?

Usijaribu kwa jina "Test Test". Weka miadi kwa namba yenye nafasi katikati, nyingine kwa jina lenye ng', watoto wawili kwa simu moja, kisha sogeza mmoja mara mbili na ughairi mwingine. Tumia simu ya bei nafuu na bando dogo, siyo kompyuta yako, kwa sababu mgonjwa atafungua linki akiwa kwenye daladala. Halafu mpe mama yako linki bila maelezo, na umwangalie bila kumsaidia. Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya mchana mmoja. Kusafisha daftari la zamani ili liingie kwenye mfumo kulituchukua wiki mbili.

Sikukuu zinafungwaje? Idi hatujui tarehe mpaka mwezi uonekane.

Sikukuu zenye tarehe zifunge mapema mwaka mzima. Ukizifunga kupitia Google Calendar, angalia kitu kimoja: tukio la siku nzima huwekwa kuwa "huru" lenyewe, na Calendly inaheshimu tukio lenye "shughuli" tu. Kliniki iliandika Mapinduzi Day siku nzima kwenye kalenda, ikafunga milango, na watu wanne wakaweka miadi siku hiyo. Badilisha "huru" iwe "shughuli".

Kwa Idi, mhudumu ana simu yenye kalenda ya kliniki. Mwezi ukitangazwa usiku, anaweka siku ya kesho kuwa na shughuli palepale sebuleni, na nafasi zinatoweka kwenye linki. Waliokwisha kuweka miadi hawaondoki kwa kufunga siku, hilo watu wengi hawalijui. Kwa hiyo Airtable ina mwonekano mmoja unaoitwa "Kesho", wenye majina na simu peke yake, na usiku huo anawapigia mmoja mmoja, kuanzia wa saa 2 asubuhi.